Mzigo wa Mwenzio: Sonona ya Uzeeni katika Bembea ya Maisha

Muhula mmoja nilikuwa nikisahihisha majibu ya kidato cha nne. Swali liliwataka watahiniwa waeleze umuhimu wa Dina katika Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Wengi waliandika nilivyowafunza: Dina ni jirani mwema, ni rafiki wa Sara, anaendeleza maudhui ya utu. Msichana mmoja akaandika kwamba Dina ndiye daktari wa kwanza katika tamthilia hii. Nikalikata jibu lake kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Daktari ni mhusika mwingine."

Aliponijia baada ya kipindi hakudai alama. Alinieleza tu kuwa anaishi na babu yake, na kwamba tangu nyanya yake afariki mzee huyo hali vizuri, hapati usingizi wala hasemi na mtu. Lakini siku ambayo jirani wao huja kuketi naye uani, wakapukuchua mahindi pamoja, siku hiyo mzee hula. Nilimrudishia alama zake. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Ulevi ni maudhui, lakini chanzo chake?

Katika madokezo yetu ya darasani, Yona huwekwa chini ya vichwa vitatu: ulevi, taasubi ya kiume na majuto. Vyote ni sahihi. Alimpiga Sara, akainywa kazi yake ya ualimu, na hakuna uhakiki unaoweza kumsafisha kwa hayo. Hata hivyo, mtahini mzuri huuliza swali la pili: kwa nini?

Jibu tunalipata kwa Dina anapomsimulia mwanawe Kiwa yaliyopita. Yona na Sara walisimangwa kwanza kwa kukosa mtoto. Walipojaliwa mabinti watatu, Neema, Asna na Salome, masimango hayakukoma, yalibadilika tu. Sasa ilisemwa hawana mrithi wa kiume. Pombe ilifuata baadaye. Hivyo basi, tukisoma ulevi pekee tunasoma moshi na kuusahau moto.

Tahadhari ni muhimu hapa. Mtunzi hampi Yona jina la ugonjwa wa akili, nasi tusimpachike. Mhakiki si tabibu. Lakini ni halali kuonyesha kwamba huzuni isiyo na pa kusemewa imetanda katika nyumba hii, na kwamba wanajamii wanaona matokeo yake tu. Hivyo ndivyo sonona ya wazee inavyopotea machoni petu hata nje ya kitabu. Mzee akikosa usingizi au hamu ya kula, akalalamikia maumivu ya mwili yasiyoeleweka, akakasirika ovyo au akayaacha mambo aliyoyapenda, tunasema, "Ni uzee huo." Sonona si sehemu ya lazima ya uzee. Ni ugonjwa, na unatibika.

Jamii inayojeruhi, jamii inayotibu

Watahiniwa wengi huandika kwamba suluhisho la matatizo ya wazee ni "jamii ishirikiane." Sentensi hiyo haipati alama nyingi, na haistahili. Jamii ipi? Waliomsimanga Yona ni jamii. Bunju, mkwe anayejikuna kichwa kila senti inapotakiwa kwa ajili ya Sara, ni jamii. Desturi inayomkataza mzazi kulala kwa bintiye aliyeolewa ni ya jamii, na kwa sababu yake Sara mgonjwa anakwenda mjini kutibiwa huku malazi yake yakiwa tatizo. Neema anajitahidi kugharimia matibabu ya mama yake, naye anastahili sifa, lakini pesa zake haziwezi kuketi na mama usiku.

Dina anatofautianaje na hao wote? Hana pesa za Neema wala elimu ya Daktari. Anachofanya ni kuingia jikoni na kumsaidia Sara kupika. Mikono yao ikiwa kazini, ndimi zinafunguka. Dina anaijua historia ya nyumba ile na haitumii kama silaha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo alioubeba mwingine huonekana mwepesi kwa anayetazama. Wanaomsimanga Yona wanaliona kanda la usufi. Dina anatia bega lake chini ya mzigo na kuujua uzito wake. Tofauti baina ya jamii inayojeruhi na inayotibu iko hapo, katika umbali wa mtazamaji na mzigo.

Ndiyo maana sikubaliani na madokezo yanayomwita Dina mhusika mdogo na kumwacha hapo. Tukimwondoa Dina, tunamwondoa mtu wa pekee anayemfikia Sara kabla ya hospitali, na sauti inayotuwezesha kumwona Yona kama binadamu.

Ushahidi wa Harare

Je, mtahiniwa wangu alitia chumvi alipomwita Dina daktari? Mfano wa Zimbabwe unampa nguvu. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi na kina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Walifunzwa kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza aliyelemewa, na kumsaidia achague tatizo moja na kulitafutia njia. Kwetu walimu wa lugha, lililo kubwa zaidi ni suala la istilahi. Benchi lilipoitwa la afya ya akili, watu walilikwepa. Kina nyanya ndio walioshauri jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki. Nao hawakumwambia mtu ana ugonjwa wenye jina la kigeni. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi pia husema, "Mzee ana mawazo." Neno la nyumbani hufungua mlango ambao istilahi ngeni huufunga.

Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573, yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, walioketi kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni kweli kwamba waliohudumiwa walikuwa watu wazima wa rika mbalimbali, si wazee pekee. Lakini waliohudumu walikuwa wazee. Utu uzima dawa, walisema wahenga, na benchi lile limeithibitisha methali hiyo kwa hesabu.

Tofauti moja isisahaulike. Kina nyanya wa Harare walifunzwa, na walikuwa na zahanati nyuma yao kwa mgonjwa aliyezidiwa. Dina hana hayo. Ujirani mwema si mbadala wa hospitali. Mzee ambaye hali yake inaendelea kwa zaidi ya wiki mbili, au anayesema heri afe, apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kuchelewa.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Swali kama hili laweza kutumika darasani: "Jamii ndiyo ugonjwa na ndiyo dawa. Thibitisha ukirejelea Bembea ya Maisha. (alama 20)." Mtahiniwa aoneshe pande zote mbili. Upande wa ugonjwa ataje masimango, shinikizo la mtoto wa kiume, desturi za ukwe na ubahili. Upande wa dawa ataje ujirani wa Dina, juhudi za mabinti, matibabu na majuto ya Yona. Kila hoja iambatane na tukio mahususi. Asiyetaja tukio asipewe alama kamili, hata akiandika kwa ufasaha.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Haimtaji jirani. Pengo hilo Arege amelijaza kwa mwanamke anayeingia jikoni kwa mwenzake. Mwalimu mwenzangu, utakapofika kwa Dina, usipite upesi. Huenda darasani mwako yuko mwanafunzi ambaye jioni hiyo atarudi nyumbani kwa mzee asiyesema.