Urefu wa Mkono wa Mtoto

Wachonga mitumbwi wa Ziwa Nyasa wana sifa zao, na wanazistahili. Wafinyanzi wa Kikisi wana zao pia: vyungu vyao vyembamba, vinavyofinyangwa Ikombe na vijiji vingine vya jirani na Matema, vimekuwa vikipakiwa mitumbwini na kuuzwa mwambaoni kwa vizazi na vizazi. Huko juu milimani Wamatengo wana ngoro. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza mteremkoni miraba miraba, mwanamke huyafunika kwa udongo, na mlima mzima hubaki na mashimo yaliyojipanga, ambayo hushika maji ya mvua na kuzuia udongo usishuke bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, waliuchunguza ufundi huo katika miaka ya 1990, na kitabu kikafuata kitabu.

Sijasikia mtafiti aliyepanda basi kuja huku Mbamba Bay, mwambaoni mwa ziwa, kupima jiko la mama mwenye watoto watatu, wa kwanza yuko darasa la pili na wa mwisho anatambaa. Ingekuwa safari halali kabisa. Maana kuna ufundi wa kupanga vitu pale, wenye kanuni zake na mabingwa wake, na una tabaka la wazembe pia kama ufundi wowote. Kinachoukosesha sifa ni kwamba kazi ya asubuhi huwa imekwisha kuvurugwa saa nne, na mtu akifika saa tano akakuta vurugu atadhani hapakupangwa kitu.

Jiko la mwambao huu lina mizigo ambayo majiko mengine hayaijui. Msongamano wake unafuata mwezi wa angani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi penye mbalamwezi. Kwa hiyo siku za giza samaki hujaa kila mahali, na mwezi ukikomaa nyavu hupumzika. Siku za giza nyumba hupokea ndoo, beseni, madeli, nyavu kuukuu za kuanikia, chumvi, pamoja na kuku wote wa mtaa waliokuja kuangalia bahati yao. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi hurudi nyumbani, na zana zao huja nao: taa, betri, kamba, maboya, dumu la petroli, mara nyingine na injini yenyewe imelazwa kando ya gunia la mahindi kwa kuogopa wezi. Nikiulizwa, nitasema waziwazi kwamba nusu ya vurugu ya jiko la pwani ya Nyasa haikuletwa na mpishi. Lakini lawama humwangukia yeye.

Kisha kuna mvua, Novemba hadi Aprili. Muhogo ulioanikwa uwe makopa hurudishwa ndani kabla haujakauka. Kuni huingizwa zisilowe, zikala ukuta mzima. Nguo za mtoto hazikauki, zinaning'inia juu ya moto zikinuka moshi na samaki. Katika hali hiyo mtu anayekuja na shauri la kuwa na vitu vichache namwona kama mtu wa kuletewa kiti na kupewa maji ya kunywa, apumzike. Hapa dumu la mafuta ya kula la lita tano halitupwi: litachotea maji, kisha litakatwa shingo liwe la kuhifadhia chumvi. Ndoo ya rangi iliyoisha ndiyo sado ya kupimia mahindi na maharage. Ndani ya takataka hiyo kuna chombo ambacho keshokutwa kitatafutwa.

Basi mabingwa hawapunguzi. Wanapandisha na kushusha. Ukikaa kimya kwenye kigoda ukamwangalia mama anayejua kazi, utaona kwamba nyumba yake imegawanywa kwa urefu, na kipimo chake ni mkono wa mtoto mdogo kuliko wote. Mtoto anapotambaa, mstari unapita magotini mwa mtu mzima. Akijifunza kusimama kwa kushika mtungi, mstari unapanda hadi kiunoni, na siku hiyohiyo kisu kinahama. Siku atakapogundua kwamba ndoo ikipinduliwa huwa ngazi, kila kitu kinahama tena.

Juu kabisa, kwenye kenchi na dari ya fito iliyo juu ya moto, hukaa vitu viwili visivyofanana: mbegu na sumu. Mahindi ya mbegu yanataka moshi, maana moshi hufukuza dumuzi. Na dawa za shambani, hasa kwa familia zenye kahawa kule Mbinga na nyumba huku ziwani, zinataka kuwa mbali na mikono. Bingwa huzitenga kwenye pembe zinazotazamana, dawa ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa pili na kuchomekwa kati ya pao na bati, mbali na chochote kitakacholiwa.

Katikati ni eneo la misumari, kamba na susu. Hapo huning'inia mboga iliyobaki jana, chujio, mwiko, upawa, ungo uliogeuzwa mgongo. Na hapo, kwa yule anayejua, ndipo panapokaa mafuta ya taa. Nalisimamia hili kwa sababu ndilo linalotenganisha fundi na mtu wa kawaida. Mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo, kwa chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kusoma, ila chupa ya maji anaijua. Amekwisha kunyweshwa maji humo mara nyingi. Akiigida, mafuta huingia mapafuni, na kumlazimisha atapike huongeza madhara, kwa hiyo safari ni ya hospitali moja kwa moja. Katika nchi zetu watoto wengi wanaofikishwa hospitali kwa kunywa sumu ni wa chupa za namna hiyo. Fundi hatumii chupa ya maji kwa mafuta, hata iwe ndiyo pekee iliyopo. Ataomba dumu kwa jirani, alifunge kitambaa chekundu shingoni, alitundike. Umeme umefika na taa za jua zimeenea, lakini siku umeme ukikatika kibatari hutafutwa, na dumu lile lipo.

Chini ya mstari ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba sehemu ya mtoto ni ya kuondolewa kila kitu. Mtoto aliyeachiwa sakafu tupu atakwenda kutafuta pasipo tupu. Mabingwa humwachia mali yake: vikombe vya plastiki, sufuria isiyo na mpini, kifuu, vijiti viwili, mfuniko uliopinda. Vitu hivyo huwekwa mahali pamoja kila siku, kwenye kikapu cha kwake, mbali na mafiga lakini mama akiinua macho anamwona. Maria Montessori aliifanya fikra hiyo kuwa elimu ya dunia alipofungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, akaweka viti, meza na rafu kwa kimo chao. Bibi zetu hawakufungua shule, ila walitengeneza vinu vidogo na vigoda vidogo, na mtoto akatwanga mchanga kando ya mama anayetwanga muhogo.

Kimo hichohicho kiliwahi kusahauliwa na watu waliosoma sana. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Austria, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi wa jiji la Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, kila hatua ya mpishi imehesabiwa kama ya mfanyakazi wa kiwandani, na majiko yapatayo 10,000 yakajengwa. Unga uliwekwa kwenye droo za mwaloni kwa sababu mti huo unachukiwa na wadudu; huo ni ustadi ambao mtu wa mahindi ya mbegu anauheshimu. Lakini chumba kilitosha mtu mmoja tu, mtoto hakuwa na pa kukaa, na vyombo vya kuhifadhia vyakula vikavu vilikuwa mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Hesabu ya hatua ilikuwa sahihi. Walioachwa nje ya hesabu ni wale wanaoburuta viti. Na karibu karne moja baadaye, mwaka 2023, Marie Kondo wa Japani, aliyeufundisha ulimwengu kukunja nguo na kutupa kisichompa mtu furaha, alisema kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu ameiachilia sana ile kazi ya kupanga. Wengi walimcheka. Mimi nilimheshimu zaidi, ingawa nadhani angekuja kukaa wiki moja ziwani angeona kwamba kuacha si lazima.

Nje ya jiko kuna kichanja, na hiki nakihesabu kuwa ndicho chombo kizuri kuliko vyote vya nyumba. Nguzo nne zenye panda kichwani zimechimbiwa na kushindiliwa. Juu ya panda hulazwa miti miwili, na juu yake fito au matete yaliyofungwa kwa kamba, kati ya fito na fito pakiachwa nafasi ya kidole, ili maji yashuke na vijiko visishuke. Hakijengwi chini ya mwembe, maana ndege hulala humo na embe mbivu haichagui pa kuangukia; hujengwa juani, kimo cha kifua, mbuzi asifike. Vikombe hufunikwa, sahani huegemezwa ubavu. Masufuria yenye masizi hukaa upande wa chini ya upepo. Ukiona kichanja chenye tabaka la pili, la chini, la kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka sita, ujue umefika kwa bingwa. Hapo ndipo mtoto huweka vyombo alivyoviosha yeye, na ndipo atakapovichukua jioni bila kumwita mtu.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu karibu milioni mbili kuzunguka redio vijijini, ilikuwa na mambo makubwa ya kusema kuliko vichanja: vyoo, maji, mbu, kichocho. Hilo la mwisho linatuhusu, kwa sababu karo letu la kuoshea vyombo ni ziwa. Akina mama hushuka asubuhi na beseni kichwani, masufuria yakasuguliwa kwa mchanga mpaka yang'ae, na watoto hubaki majini. Ni saa tamu kuliko zote za siku, na ndiyo yenye hatari, maana konokono wa kichocho hukaa majini humo. Mwenye kichanja na ndoo mbili nyumbani huosha palepale, na mtoto akabaki mikononi mwake.

Kuna kipimo kimoja cha kazi hii ambacho sijaona kikikosea. Umeme umekatika, mama ana mtoto mgongoni na ugali motoni. Anamwambia wa darasa la pili, "Hebu mwanangu, niletee upawa." Jiko lililopangwa, upawa unafika bila taa. Jiko lililopambwa, unasikia vyombo vikianguka, kisha kilio.

Kupambwa kumetuingia kwa njia ya kabati la kioo la sebuleni. Humo mna sahani za maua, glasi, hotipoti zenye plastiki yake bado, vyote vya mgeni ambaye hajulikani atakuja lini. Huku jikoni watoto wanne wanasubiriana kikombe kimoja. Sina ugomvi na mgeni. Lakini rafu bora ya nyumba, ndefu, yenye mlango na kufuli, imepewa glasi zisizotumika, wakati dawa ya minyoo, wembe na kiberiti vinazurura dirishani.

Tangu Nyasa iwe wilaya ya peke yake mwaka 2012, na hasa tangu lami ishuke milima kutoka Mbinga, kilomita zipatazo 66, Mbamba Bay inajengwa upya. Saruji na vigae vinakuja, na ramani za nyumba zinakuja kwenye simu zikiwa na jiko la ndani, dari la gypsum lisilotundikwa kitu, na makabati ya chini yenye vitasa vya kung'aa kwenye kimo kilekile cha Frankfurt. Kenchi zinafichwa, misumari inakatazwa ukutani, moto unahamia kwenye mtungi wa gesi ulio sakafuni. Jiko la gesi halina moshi, na kwa mapafu ya watoto hiyo ni neema. Ila mtungi una kifungulio, na kifungulio kiko chini ya mstari.

Kwa hiyo wewe unayejenga, na wewe fundi seremala unayechonga makabati Mbinga mjini ukayashusha kwa lori: kabla hamjapiga msumari wa kwanza, mwiteni mama mwenye nyumba na mumuulize kisu, dawa na mafuta vitakaa wapi. Kabati moja lipandisheni juu ya kichwa cha mtu mzima, na liwe na komeo. Moja liacheni chini, wazi, la vikombe vya plastiki. Na baba mwenye nyumba, mjengee injini yako banda lake.