Kugusa, Kupisha, Kufidia: Uhakiki wa Lugha ya Bomba la Mafuta Ghafi

Mjadala kuhusu Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki umeachiwa wanauchumi, wanasheria na wanamazingira. Wataalamu wa Kiswahili tumekaa pembeni, ilhali bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, linapita kwa kilomita 1,147 katika nchi ambamo mwanakijiji huarifiwa kwa Kiswahili kwamba shamba lake linatwaliwa. Makala haya yanahakiki maneno anayoarifiwa kwayo. Dai letu ni kwamba msamiati huo hupunguza gharama kabla mthamini hajafika shambani.

Tuanze na kuguswa. Taarifa za habari na za mikutano ya hadhara nchini Tanzania huzungumzia “wananchi walioguswa na mradi”, na siku hizi nomino “waguswa” imeshika mizizi. Kugusa ni tendo jepesi. Aliyeguswa bega hugeuka, kisha huendelea na safari. Aliyepoteza nyumba hajaguswa. Isitoshe, kirai “na mradi” kinaupa mradi nafasi ya mtenda, ilhali mradi hauna mikono. Wenye mikono wanajulikana: TotalEnergies yenye asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya taifa ya Uganda na Tanzania yenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC yenye asilimia 8. Kauli ya kutendwa imewasitiri wote wanne. Sidhani kwamba kulikuwa na njama. Tafsiri nyingi za aina hii ni zao la haraka tu. Lakini sarufi haiulizi nia.

Kupisha kunahitaji uangalifu zaidi. Kitenzi hiki, kilichonyambuliwa kutoka kupita, kimebeba adabu ya njia nyembamba: mdogo humpisha mkubwa, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Anayepisha ana hiari, tena mwenzake akishapita yeye hurudi njiani. “Wananchi waliopisha mradi” hawana hata moja kati ya hayo mawili. Mafuta ya Bonde la Albertine yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, hivyo bomba litapashwa moto katika urefu wake wote. Juu yake utabaki mkuza wa mita 30 usioruhusiwa nyumba wala miti yenye mizizi mirefu. Mkulima wa Kagera aliyeng’olewa mibuni ndani ya mkuza huo hana pa kurudi.

Atakayepinga atasema wananchi wenyewe hulitumia neno hili. Ni kweli, na hapo ndipo pana utajiri wake. Mzee asemaye “nimepisha” hujilindia hadhi. Hukataa kuonekana kama mtu aliyefukuzwa. Neno lilelile likiandikwa na ofisa katika tangazo huwa stakabadhi ya ridhaa ambayo haikuombwa.

Fidia ni neno lenye nguvu kuliko hayo, kwa kuwa lenyewe linakiri hasara. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 26, inataka malipo yatangulie kutwaliwa kwa mali. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Hata hivyo, ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2023 ilieleza jinsi kaya nchini Uganda zilivyosubiri malipo kwa miaka, baada ya tarehe ya ukomo kuwazuia watu kupanda mazao ya kudumu. Nyaraka huuita muda huo “ucheleweshaji wa fidia”, kana kwamba kilichosimama ni karatasi. Kilichosimama ni shamba. Tunapendekeza istilahi “misimu iliyozuiwa”, ambayo inahesabika na kwa hiyo inaweza kudaiwa.

Kuhusu kumwagika, mfano wa Ogoni nchini Nigeria unatosha. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba visima vya Nisisioken Ogale vilikuwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, na kwamba urejeshaji wa mazingira ya Ogoni ungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Kwa Kiswahili tunasema mafuta “yalimwagika”. Kiambishi -ik- kinaeleza hali bila mtenda, ilhali swali lililowafikisha wanavijiji wa delta hiyo mahakamani lilikuwa ni nani mwenye dhamana. Kwa kuwa takriban theluthi ya bomba imo katika beseni la Ziwa Viktoria, mipango ya dharura haina budi kutumia vitenzi vinavyomtaja mhusika: nani atafunga vali, nani atawaarifu wavuvi, nani atalipa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Matangazo ya Hoima na Buliisa yatahitaji istilahi, na njia rahisi ni kuazima orodha iliyokwisha kuzoeleka Tanzania. Kabla ya kuiazima, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iipeleke kwa wenye mashamba wa Kagera na Tanga, wasomewe neno moja moja, na waulizwe wao wangeandika lipi.