Picha za Katanga na wale wanaozipima

Mji wa Lubumbashi una universite tangu mwaka 1956, wakati ulipoitwa bado Elisabethville. Maprofesa wake hawakuacha kutazama kazi za mafundi wa mji: picha, nyimbo, michezo ya teatro. Hasa tangu mwaka 1971, serikali ilipounganisha universite zote za inchi kuwa moja na kuyakusanya masomo ya lugha na maandiko huko Lubumbashi, vitabu juu ya kazi hizo vimeongezeka sana. Twafurahi. Lakini tukikaa kuvisoma twakuta jambo linalotusumbua: karibu vyote vimeandikwa kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza, na kazi zenyewe zilizaliwa katika Kiswahili. Mchoraji akitaka kujua wanasema nini juu yake, shurti amwombe mwingine amweleze.

Labda mtu atatujibu: elimu ina lugha zake, na ninyi mapadri mlijifunza Kilatini, wala hamkufa. Ni kweli. Hatusemi kwamba Kifaransa ni kibaya. Twasema kwamba mpimaji anayekiacha Kiswahili nje ya mlango hawezi kuiona kazi nzima, hata akiwa na macho mazuri.

Tutwae mfano unaojulikana, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. (Hatutasema hapa juu ya Pilipili na Mwenze wa Hangar, shauri lao ni lingine, kwa maana wale walikuwa na mwalimu Mzungu na wanunuzi Wazungu.) Tshibumba alichora juu ya nguo ya mifuko ya unga, akawauzia watu wa mji, nao wakazitundika picha zake nyumbani, pale wanapokaribisha wageni. Katika miaka 1973 na 1974 alichora picha mia moja na zaidi zinazoeleza mambo ya inchi yetu tangu wakubwa wa kale hata siku za Mobutu. Alizichora kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa profesa huko Lubumbashi wakati ule. Waliketi pamoja, picha kwa picha, mmoja akieleza kwa Kiswahili cha mji, mwingine akiuliza. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zimepotea. Picha hizo ziko Amsterdam, katika nyumba ya makumbusho. Buku juu yao lilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza, nalo laitwa Remembering the Present.

Buku hilo ni jema, twasema bila choyo. Fabian hakumfanya Tshibumba kuwa mtoto anayechezea rangi. Alimkubali kuwa mtu wa historia, kama mwenyewe alivyojitaja. Na maneno ya Kiswahili hakuyatupa: yamewekwa kwenye intaneti, na kila mtu aweza kuyasoma. Kosa ni kwa wale waliofuata, ambao wanarudia tafsiri bila kwenda kisimani.

Tazameni neno moja tu. Picha za namna hii, zile zinazoonyesha mambo ya zamani kama fimbo ya wakati wa Wabeljiki, watu wa Katanga waliziita ukumbusho. Wenye elimu wameliandika neno hilo mara nyingi, wakalifasiri vizuri: kitu kinachokumbusha. Hapo wakanyamaza. Lakini sisi twalijua neno hilo pahali pengine. Ni neno lile lile padri analolitamka altareni juu ya kikombe. Mtu wa parokia aliyenunua picha sokoni na kuiita ukumbusho alikuwa amelisikia Dominika kwa Dominika, na pale maana yake si kukumbuka kwa kichwa tu. Jambo lililopita linakuja kati yetu, nasi twakaa mbele yake. Hatusemi kwamba mchoraji aliwaza teolojia. Twasema kwamba neno lilikuwa limekwisha kuzoea kazi hiyo, na mpimaji asiyejua Misa ya Kiswahili hawezi hata kuanza kuuliza.

Sasa iko picha ya kifo cha Lumumba. Yeye, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji wenyewe. Katika picha maiti zao zimelala chini, na nyuma kabisa, mbali, misalaba mitatu yasimama. Padri anayeiona mara ya kwanza aweza kukasirika: je, yafaa kumweka mtu wa siasa karibu na Golgota? Hasira hiyo si kupima. Na kusema, kama wengi wanavyosema huko universite, kwamba picha hii ni ushuhuda wa fikara za watu wadogo, hiyo nayo si kupima. Ushuhuda unapokewa wote, mzuri na mbaya. Kazi ya fundi yapasa iulizwe mahali gani imefaulu na mahali gani imeshindwa.

Imefaulu katika damu. Damu yatoka ubavuni mwa Lumumba na kuandika chini neno unité. Mababa wa Kanisa walifundisha kwamba Kanisa lilizaliwa ubavuni mwa Kristu alipolala msalabani. Hapa inchi moja yazaliwa ubavuni mwa maiti. Hakuna haja ya kumsoma Mtakatifu Augustino ili kuona hayo. Ibada ya Ijumaa Kuu yatosha. Tena, neno ni la Kifaransa, si umoja. Sababu gani? Twadhani ni kwamba umoja ule ulikuwa neno la mikutano na la redio, neno la serikali, na mchoraji aliliacha katika nguo zake. Msomaji wa tafsiri ni vigumu aulize hivyo, kwa maana mbele yake maelezo yote yamekwisha kuvaa nguo moja.

Imeshindwa katika hesabu. Maiti tatu, misalaba mitatu: jicho larizika. Lakini waliosulibiwa pamoja na Bwana walikuwa wanyang'anyi. Basi Mpolo na Okito ni nani katika picha hii? Mchoraji alihitaji tatu, akachukua tatu, na wale wawili akawaacha bila pahali. Hatujasoma mpimaji aliyemwuliza jambo hilo, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Juu ya teatro tutasema machache. Mwaka 1986 Fabian alifuata kundi la Mufwankolo, ambalo mji mzima ulilijua, lilipotengeneza mchezo kutoka usemi mmoja: ukubwa unaliwa mzima. Buku lake la mwaka 1990, Power and Performance, linatoa maneno ya wachezaji kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Tunalipenda kupita lile la picha. Wachezaji wanabishana wao kwa wao usemi una maana gani na namna gani kuucheza, na kubishana kule ni kupima kwa kweli: aliyepimwa yupo, naye ajibu.

Kwa hiyo tuna neno kwa wandugu wa seminari kubwa ambao kila mwaka wanatafuta kichwa cha kazi yao ya mwisho. Iko parokia ambayo njia yake ya msalaba ilichorwa na fundi wa karibu. Nendeni mkae mbele yake. Mwulizeni fundi, kama angali hai, sababu gani askari wamevaa vile, na Simoni wa Kirene anafanana na nani. Andikeni kwa Kiswahili yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, kisha msomeeni. Akikataa, andikeni na kukataa kwake. Sisi tutayapokea maandiko hayo; kurasa mbili ao tatu zatosha, na jina la mchoraji liandikwe sawasawa.