Lori Lililoipita Njia ya Changarawe

Dereva yule alipaswa kuingia kwenye changarawe. Natanguliza hukumu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakizunguka jambo hili kana kwamba lina pande mbili. Aprili 25, 2019, lori lililobeba mbao lilikuwa likishuka barabara kuu ya I-70 kutoka milima ya Colorado kuelekea Denver, breki zimeshakwisha. Video zake mmeziona. Kwenye mteremko ule kuna njia ya changarawe ya kuokolea malori, imechongwa kwa ajili ya saa ya namna hiyo na si kwa kazi nyingine yoyote. Lori likaipita. Chini, mjini Lakewood, kulikuwa na foleni. Magari 28 yakahusika, watu wanne wakafa.

Mwaka 2021 mahakama ilimpa dereva huyo miaka 110, watu wakakusanya saini karibu milioni 5 kumtetea, na gavana Jared Polis akaipunguza adhabu hadi miaka 10 kabla mwaka haujaisha. Kama ilikuwa haki au la, wanasheria wanalo la kusema. Sisi wa magari tunalo letu, nalo ni lile tawi la njia ambalo tairi hazikuligusa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoondoa ubishi. Chukua lori la tani 36, kikomo cha kawaida cha Marekani, kwenye mteremko wa asilimia 6. Ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, uzito wenyewe unakusukuma kwa takriban kilowati 235; toa upepo na msuguano wa matairi, unabaki na kama 205 za kumezwa na breki. Ukishuka kwa 72, zinazobaki zinakaribia 350. Polisi walikadiria lori la Lakewood lilifika maili 85 kwa saa, yaani kama kilomita 137. Kwa kasi hiyo uzito wa lori la tani 36 unasukuma kwa kilowati 800. Ngoma za breki ambazo tayari zinafuka moshi haziwezi kumeza hata robo ya nguvu hiyo bila kuwaka.

Na breki ya injini? Injini kubwa ya lita 15 ya siku hizi, ikizunguka mara 2,100 kwa dakika, humeza hadi nguvu farasi 600, karibu kilowati 450. Kwa 40 kwa saa, katika gia sahihi, inalishikilia lori zima peke yake na mguu wa dereva ukapumzika. Lakini mizunguko ikishuka hadi 1,300, uwezo huo unapungua kwa nusu au zaidi. Na ukishachelewa, ukafika kasi ya 137, hakuna gia ya chini itakayoingia bila kuipasua injini. Hapo ndipo ninaposhikilia hoja yangu: breki ya injini ni breki ya kileleni. Gia huchaguliwa kabla pua ya lori haijainama. Ukishaipoteza nafasi hiyo, na ngoma zimekwisha, breki moja tu imebaki duniani, nayo ni changarawe. Dereva aliyeipita njia ile aliipita breki yake ya mwisho iliyokuwa nzima.

Wapo wanaosema aliogopa lori lingepinduka. Lori kupinduka kwenye changarawe ni hasara ya mwenye lori na hatari kwa dereva mmoja. Wapo wanaosema madereva huogopa gharama ya kuvutwa na mbao kumwagika. Naamini wanaogopa, na waliowafundisha kuogopa hivyo wana sehemu yao ya lawama. Lakini mbele kulikuwa na watu wanaorudi nyumbani, wamesimama kwenye foleni, na hawakupewa nafasi ya kuchagua chochote. Hakuna shehena inayolingana na hilo. Kutoka mahali pale pa kuamua hadi chini, kila sekunde iliongeza kasi, na kila nyongeza ya kasi ilifunga mlango mwingine. Wazo la kwamba "nitafika nalo chini" ndilo kosa lenyewe. Lori lisilo na breki halifikishwi; linafika lenyewe, mahali linapotaka.

Barabara haikuwa na kosa. Mabango ya mteremko ule yanafahamika na madereva wengi wa Marekani: yanawaonya wenye malori wasidanganyike, bado maili 4 za mteremko mkali na kona.

Sasa mlinganishe dereva huyo na Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli ambaye sitachoka kumtaja. Agosti 1931 yeye na wenzake walitoka New York kwenda Los Angeles na lori la Indiana lenye injini yake ya dizeli. Wakishuka Cajon Pass, California, ngoma zikapata moto na lori likawashinda. Chini kulikuwa na kivuko cha reli na treni ya mizigo inapita. Behewa la mwisho liliondoka kivukoni kwa nafasi ndogo kabisa, lori likavuka. Mwaka 1931 pale hapakuwa na njia ya changarawe ya kuingia, wala lori lake halikuwa na breki ya injini ya kuwasha. Hakuwa na alichokipita. Na tofauti kubwa zaidi ni alichofanya na hofu ile: aliibeba kichwani zaidi ya miaka 20 hadi akaipatia dawa.

Dawa yenyewe ni kazi ya akili inayostahili heshima hadi leo. Injini inapobana hewa inatumia nguvu, lakini hewa ile iliyobanwa huisukuma pistoni chini tena na kuirudisha nguvu karibu yote. Kwa hiyo mguu ukitoka kwenye mafuta, dizeli haikusaidii sana mlimani. Cummins aliona kwamba valvu ya moshi ikifunguliwa pistoni inapokaribia juu kabisa, hewa inatoka na nguvu yake, na pistoni inashuka bila msaada. Tatizo lilikuwa nani aifungue kwa wakati ule hasa. Akaangalia injini zake mwenyewe, akaona roka ya nozeli tayari inasogea kwa saa ileile, ikisukumwa na kemshafti. Basi solenoidi ikafungulia oili ya injini, oili ikajaa, roka ya nozeli ikasukuma pistoni ndogo, na oili iliyofungiwa ikapeleka msukumo ule hadi pistoni nyingine iliyokaa juu ya valvu ya moshi. Hakuongeza kemu wala mnyororo. Aliazima mwendo uliokuwepo akausafirisha kwa oili.

Na nani waliichukua? Jacobs, watengenezaji wa chaki za drili wa Connecticut, walioanza kuitengeneza mwaka 1961. Kampuni yenye jina la Cummins iliinunua biashara hiyo ya breki mwaka 2022. Aliyeibuni alikuwa amefariki tangu 1968. Kuchelewa huko bado kunaniuma. Wahandisi wa leo wamefanya vizuri kuuingiza mfumo ule ndani ya roka zenyewe.

Lakini chombo kizuri hakimsaidii anayekitenganisha na magurudumu, na hapa narudi kwenye ugomvi wangu wa zamani: nyutro. Salgaa, kule Kenya, imezika watu kwa sababu ya nyutro. Kitonga, kule Tanzania, madereva bado wanaitumia wakidai wanaokoa mafuta. Injini ya kisasa ikiwa kwenye gia, mguu umetoka, inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka kwa nyutro anaunguza zaidi, na ameitupa breki yake bora kabla ya kona ya kwanza. Bosi anayempigia hesabu ya lita dereva wake na kumfundisha nyutro anajidanganya kwa pesa zake mwenyewe.

Na waagizaji wa malori yaliyotumika Ulaya waache kuangalia rangi. Kanuni za huko kwa malori mazito ya shehena za hatari zinataka gari lishuke asilimia 7 kwa kilomita 6, kwa kilomita 30 kwa saa, bila kugusa breki za kawaida. Gari la namna hiyo likifika kwetu na fyuzi ya ritada, yaani breki saidizi isiyotumia ngoma, imetolewa, au waya wa solenoidi umekatwa kwa sababu breki ya injini "inapiga kelele", limeshakuwa gari jingine. Vituo vya ukaguzi vinapima ngoma zikiwa baridi, juu ya rola, na karatasi inatoka safi. Ngoma baridi hazijawahi kumwangusha mtu Kitonga. Mkaguzi apande kwenye kabini, waende naye mteremkoni, dereva atoe mguu kwenye mafuta na kuwasha swichi. Kama lori halishikwi, lisipewe karatasi. Hilo halihitaji mtambo mpya, linahitaji mkaguzi atoke ofisini.