Ginea Moja kwa Mwaka: Jinsi Amelia Edwards Alivyoichangishia Misri ya Kale

Februari 1874, mbele ya hekalu la Abu Simbel huko Nubia, mabaharia wa dahabia moja, yaani mashua ya abiria ya Mto Nile, walipanda jukwaa lililofungwa kwa makasia na foromali, mikononi wana sifongo na masufuria ya kahawa. Kazi yao ilikuwa kuusafisha uso wa Ramses wa Pili. Miaka hamsini hivi kabla yao, Mskoti Robert Hay alikuwa ameunakili uso wa ile sanamu ya kaskazini kabisa kwa plasta, akaondoka na nakala yake na kumwachia Firauni mabaka meupe shavuni. Mabaharia walibandua plasta, na palipobaki doa wakapaka kahawa mpaka rangi ikalingana na ya jiwe. Mpishi wa chombo alitoka jasho, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumpikia mgeni mwenye mdomo wa upana wa zaidi ya mita moja. Aliyekisimulia kisa hiki ni mmoja wa abiria, Amelia Edwards, mtunzi wa riwaya kutoka Uingereza mwenye umri wa miaka 42.

Wengi hukitaja kisa hicho kwa kucheka, na kweli kinachekesha. Lakini ukikitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, utamwona Edwards mzima humo: ameona hasara iliyoletwa na mtu wa elimu, ameitafutia dawa kwa vyombo vya jikoni, halafu ameieleza kwa namna ambayo msomaji aliyeketi sebuleni London anaisikia harufu ya kahawa. Hoja yangu ni kwamba kipaji hicho cha tatu ndicho kilichozaa yote aliyoyafanya baadaye. Edwards hakuchimbua mji wowote wa Misri wala hakufumbua mwandiko wowote. Baada ya safari hiyo hakurudi Misri tena maishani mwake. Alichojenga ni njia ya kudumu ya fedha, na ufundi wake aliutoa kwenye riwaya.

Alikuwa akila kwa kalamu. Riwaya yake *Barbara's History* ilitoka 1864, na kabla na baada yake aliandika hadithi za mizimu na makala za magazeti. Mtu anayelipwa kwa kurudiwa na wasomaji hujua kuwabakiza na hamu. Aliporudi kutoka Misri alijifundisha kusoma maandishi ya kale ya picha, akawaandikia wataalamu kuwauliza, na mwaka 1877 kikatoka *A Thousand Miles up the Nile*, chenye picha zilizotokana na michoro yake mwenyewe. Humo anaorodhesha waharibifu wa makaburi na mahekalu: mtalii anayechonga jina lake ukutani, msomi anayebandika karatasi mbichi kunakili maandishi na kuondoka na rangi, mkusanyaji anayenunua kila chenye thamani, na mwenyeji anayeiba kwa sababu mnunuzi yupo. Anayaweka makumbusho makubwa ya Ulaya katika mlolongo huohuo. Tena haandiki kama malaika. Anakiri kwamba walipogundua chumba kidogo chenye michoro kando ya hekalu la Abu Simbel, wenzake na yeye waliandika majina yao na tarehe juu ya mlango, upande wa ndani. Anasimulia pia jinsi abiria wa dahabia jirani walivyonunua maiti iliyokaushwa kwa siri, harufu ikawashinda, na baada ya wiki wakaitosa mtoni. (Neno letu mumiani lina asili moja na jina la maiti hizo katika lugha za Ulaya, na huku pwani likaishia kutisha watoto.) Msomaji anafunga kitabu akijua kwamba kuna hasara inayoendelea sasa hivi, na kwamba watu wa aina yake wana mkono ndani yake.

Hasira ya msomaji hupoa isipopewa pa kwenda. Machi 1882 Edwards na Reginald Stuart Poole, mkuu wa idara ya sarafu katika Makumbusho ya Uingereza, waliitisha mkutano uliozaa Mfuko wa Uchunguzi wa Misri. Samuel Birch, mwanachuoni mkuu wa mambo ya Misri katika makumbusho hayohayo, hakutaka kuunga mkono. Aliyeunga mkono kwa kishindo alikuwa daktari tajiri Sir Erasmus Wilson, yule aliyegharimia kuletwa London kwa mnara wa Misri unaoitwa Sindano ya Kleopatra. Wilson alitoa pauni 500. Edwards angeweza kuishia hapo na kuendelea kutafuta matajiri wa namna hiyo. Badala yake aliandika barua kwa mamia, nyingi kwa mkono wake, akiomba ginea moja, yaani pauni moja na shilingi moja, kwa mwaka. Ili kuifikia zawadi ya Wilson walihitajika watu 477 wa ginea moja moja, na hesabu hiyo inatisha mpaka ukumbuke kwamba Wilson alifariki 1884. Tajiri mmoja akifa, mfuko umekufa naye. Wachangiaji wadogo hawafi siku moja.

Mchangiaji alipata nini? Alipata kitabu cha ripoti ya uchimbaji, na katikati ya mwaka alisoma magazetini makala za Edwards zikimweleza koleo limefika wapi. Hapa ndipo mtunzi wa riwaya anapoonekana waziwazi. Waingereza wa enzi zake walizoea kusoma riwaya kwa mafungu, wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi. Edwards aliufanya kila msimu wa uchimbaji kuwa sura, na ginea ya mwaka unaofuata kuwa bei ya kujua kilichotokea baadaye. Wanaochangisha fedha siku hizi huzungumza sana juu ya uwazi wa hesabu. Yeye alitoa hesabu iliyosomeka.

Alichagua pia sura ya kwanza itakayouzika. Mfuko ulianzia Delta ya Nile, nchi ya matope isiyo na mahekalu ya kuvutia watalii, kwa sababu huko ndiko ilikodhaniwa kuwa nchi ya Gosheni, walikoishi Wana wa Israeli. Mwaka 1883 Mswisi Édouard Naville alichimba Tell el-Maskhuta na kutangaza kwamba ndio Pithomu, mji wa ghala unaotajwa katika kitabu cha Kutoka. Kila mchungaji wa kanisa la kijijini aliyewahi kuhubiri juu ya matofali na majani makavu sasa alikuwa na sababu ya kutoa ginea. Mpinzani atasema huko ni kuikodisha elimu kwa mimbari, na mpinzani huyo ana haki kwa sehemu. Tangazo la Naville lilifanywa kwa haraka, na wataalamu wengi wa baadaye wamelitilia shaka. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuchagua mahali pa kuchimba na kuchagua namna ya kuchimba. Biblia iliamua la kwanza. Fedha zilezile ndizo zilizompeleka mchimbaji kijana Flinders Petrie huko Tanis mwaka 1884, na msimu uliofuata kwenye Naukratis, mji wa Wagiriki ndani ya Delta, ambao uliwapendeza walimu wa Kigiriki kama Pithomu ilivyowapendeza wachungaji. Petrie ndiye aliyekuja kubadili namna ya kuchimba.

Basi pongezi si ziende kwa Petrie? Yeye ndiye aliyewalipa wafanyakazi moja kwa moja bila kupitia wasimamizi, akawapa bakshishi kwa kila walichokiona ili kisiuzwe kwa wachuuzi, na akaandika habari za vigae vya vyungu ambavyo wengine walivitupa. Hayo yote ni kweli. Lakini mwaka 1886 Petrie aligombana na kamati, akaacha kazi ya Mfuko, na fundi asiye na mlipaji hana msimu ujao. Edwards, ambaye alikuwa katibu wa Mfuko huohuo, hakumwachia mkono. Alimkutanisha na Jesse Haworth, mfanyabiashara wa pamba wa Manchester aliyevutwa na Misri baada ya kusoma kitabu cha safari cha Edwards, na Haworth pamoja na mfadhili mwingine, Martyn Kennard, wakagharimia uchimbaji wa Petrie huko Fayum. Tazama mzunguko huo: kitabu kimezaa msomaji, msomaji amezaa fedha, fedha zimemweka fundi kazini. Mkusanyo mashuhuri wa Misri katika Makumbusho ya Manchester una mizizi yake hapo.

Pingamizi lililo zito kuliko yote, lile la haki ya Wamisri wenyewe, silijibu kwa urahisi, na sidhani kama linajibika lote. Mfuko uliundwa Machi 1882. Julai mizinga ya Uingereza ilipiga Alexandria, na Septemba jeshi la Wamisri lililoongozwa na Urabi likashindwa Tell el-Kebir. Gaston Maspero, Mfaransa, ndiye aliyeongoza idara ya mambo ya kale ya Misri na kuamua kitakachobaki katika jumba la makumbusho la Bulaq na kitakachosafirishwa. Sehemu ya vilivyosafirishwa iligawiwa makumbusho ya Uingereza na Marekani, na matumaini ya mgao yakawa kivutio kingine cha kuchangia. Mwanamke aliyewalaumu wakusanyaji mwaka 1877 alikuwa sasa anaendesha ukusanyaji wenye risiti na ripoti. Watetezi wake husema kwamba kitu kilichoandikwa kilipotoka kina maana kuliko kilichoibwa usiku, na nakubaliana nao kuhusu elimu. Kuhusu haki, sikubaliani. Ahmad Kamal, Mmisri aliyeisomea historia ya nchi yake na kuifanyia kazi katika makumbusho hayohayo ya Bulaq, aliishi zama hizohizo, lakini simulizi aliyoiuza Edwards haikuwa na nafasi ya mtu kama yeye. Mmisri ndani yake ni mchimbaji, nahodha, mpishi wa kahawa. Ustadi wa kuunda umma wa wapenzi wa Misri uliunda umma huo London na Boston.

Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890 Edwards alizunguka Marekani na kutoa mihadhara zaidi ya 100. Huko Columbus, Ohio, alivunjika mkono na akaendelea na ratiba. Afya yake haikurudi sawasawa, na alifariki tarehe 15 Aprili 1892.

Wosia wake ndio hesabu yake ya mwisho, na umepangwa kwa akili ileile. Aliacha pauni 2,500 pamoja na maktaba na mkusanyo wake kuanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa elimu ya Misri nchini Uingereza. Alikipeleka University College London, ambako wanawake walikuwa wakisomea digrii sawa na wanaume, na akazuia kisishikwe na mtu wa Makumbusho ya Uingereza. Aliyeteuliwa alikuwa Petrie. Miaka michache baadaye elimu ya Misri chuoni hapo ikawa inafundishwa pia na mwanamke, Margaret Murray, na mpaka leo kiti hicho kinabeba jina la Edwards.