Kama Kuna Niliyemkwaza

Katika usharika wetu sentensi hii tumeizoea. Mtu husimama mbele baada ya matangazo, hushika kipaza sauti na kusema, "Kama kuna niliyemkwaza, naomba anisamehe." Tunapiga makofi, pambio linaanza. Mwaka jana aliyesema hivyo alikuwa amechukua magunia mawili ya mahindi ya mjane akamuuzie mjini, na fedha hazikurudi. Kila mtu kanisani alilijua jambo hilo. Hakulitaja, nasi tuliimba.

Tunaona ubaya hauko katika neno "kama" peke yake. Zakayo naye alisema "ikiwa", lakini papo hapo akataja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mfalme Sauli, kinyume chake, alikiri wazi mbele ya Samweli kwamba ametenda dhambi, kisha akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Alichokuwa akikihofia ni kiti chake.

Kwa kipimo hicho tuliwasikiliza wakuu wawili waliokuja kwetu Afrika Mashariki mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, jijini Nairobi, Mfalme Charles alisema ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru hauna udhuru, akaeleza huzuni na majuto yake. Kuomba radhi hakuomba. Kesho yake Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao.

Tunasema bila kusita kwamba la Songea lilikuwa bora. Alikwenda hadi kwa waliokosewa, akakutana nao pale penye makaburi, wala hakungoja waje Dar es Salaam. Hata hivyo aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna, fidia hakuahidi. Nao Waingereza, mwaka 2013, walikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, huku wakiendelea kukana kuwajibika kisheria. Mmoja alitoa neno akabana mkoba, mwingine alifungua mkoba akabana neno. (Wapo wanaosema mzee wa miaka 80 anahitaji fedha kuliko hotuba. Hatuwabishii sana, ila wengi wa wazee wale walitaka pia waambiwe kwamba hawakusema uongo.)

Sisi nasi tulipiga makofi mapema mno. Jumapili iliyofuata wawili wetu tulikwenda kwa yule mjane kumuuliza kama amesamehe. Akatukaribisha chai. Alisema alishasamehe siku nyingi. Msimu wa kupanda umekaribia, naye anauliza magunia yake.