Nta Ndani ya Maji: Ishara Isiyotajwa katika Sura ya Tano ya Evgeny Onegin

Wahakiki walioishughulikia sura ya tano ya Evgeny Onegin, riwaya ya kishairi ya Alexander Pushkin, aghalabu hukimbilia ndoto ya Tatyana. Hawana lawama kubwa. Ndoto hiyo ina dubu, ina viumbe vya kutisha vilivyoketi mezani, ina kisu na kifo cha kijana. Nayo imewekwa karibu na katikati ya kitabu chenye sura 8. Hata hivyo, kabla ya ndoto hiyo pana tendo dogo lililochukua mishororo minne tu ya mwanzo wa ubeti wa nane. Tatyana anaitazama nta iliyoyeyushwa na kumiminwa majini, nayo nta, kwa umbo lake la ajabu, inamwambia jambo la ajabu. Jambo gani? Mtunzi hasemi, wala harudi kulisema mahali pengine popote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kimya hicho si cha bahati, na kwamba mhakiki anayekijaza huiharibu kazi aliyodai kuifasiri.

Desturi yenyewe ni ya Urusi, na ilikuwa na majira yake: siku 12 zinazotoka Krismasi hadi Epifania. Wasichana waliyeyusha nta ya nyuki, mara nyingi vipande vya mishumaa, wakaimimina katika bakuli la maji baridi. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Ikigusa maji baridi huganda papo hapo, katika umbo ambalo hakuna mkono ulioliunda. Umbo hilo, au kivuli chake ukutani, ndilo lililosomwa: likifanana na taji, ni ndoa, likifanana na jeneza, ni msiba.

Tuliite tendo hili nini kwa Kiswahili? Neno ramli limeenea, lakini asili yake ni mchanga, na "ramli ya nta" ni usemi unaojipinga wenyewe. Kupiga bao nako huleta picha ya mganga na mteja wake, ujuzi wa mmoja na ujira wa mwingine. Kwa Pushkin hakuna mganga. Anayeinamia bakuli na kusoma ndiye huyohuyo mwenye haja. Ninapendelea kutazamia, neno ambalo kwetu hubeba mambo mawili: kubashiri yajayo na kuyatumainia. Maana hizo mbili ndizo hasa azikutanishazo Pushkin katika ubeti wa saba, anaposema kwamba wanaotazamia, vijana kwa wazee, hudanganywa na tumaini linalosema nao kwa lugha ya kitoto.

Turudi kwenye mishororo yenyewe. Kitenzi kilichotumiwa kuielezea nta ni kile ambacho kwa Kirusi chaweza kumaanisha kuyeyusha na vilevile kuzamisha. Nta ya nyuki ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Kwa hiyo maana ya pili haikubaliki kwa urahisi bakulini, ingawa masikio hayaachi kuisikia. Sitaki kuutwisha utata wa neno moja mzigo mzito mno. Nautaja kwa kuwa unaafikiana na jambo lililo wazi zaidi: neno la ajabu limetumika mara mbili katika nafasi finyu, mara moja kwa umbo na mara moja kwa ujumbe, na baada yake hapana kitu. Umbo ni la ajabu. Lisemalo ni la ajabu. Maelezo yamejizunguka yenyewe. Msomaji ameinamishwa juu ya bakuli pamoja na msichana, akaonyeshwa maji.

Linganisha na kinachofuata. Katika ubeti huohuo pete zinatolewa mojamoja katika sahani ya maji huku nyimbo zikiimbwa, na pete ya Tatyana inatokea kwenye wimbo wa kale unaosifu utajiri wa wakulima. Wimbo huo haufasiriwi kwa kubahatisha. Maana yake imekwisha kuwekwa na mapokeo, na Pushkin mwenyewe anaeleza katika tanbihi kwamba huashiria kifo, ilhali wimbo wa paka, ambao wasichana waliupenda zaidi, huashiria harusi. Katika ubeti wa tisa Tatyana anatoka uani usiku, anakielekeza kioo mwezini, kisha anamwuliza mpita njia jina lake, kwa kuwa ndilo litakalokuwa jina la mume. Mtu huyo anajibu kuwa yeye ni Agafon: jina la Kigiriki lenye sauti tamu ambalo, kwa maelezo ya Pushkin kwingineko, Urusi ya wakati wake ililiachia watu wa tabaka la chini. Hapa ishara imesomeka mno hata ikawa kichekesho. Katika ubeti wa kumi Tatyana anaagiza meza ya watu wawili iandaliwe katika nyumba ya kuogea, anaingiwa na hofu, na msimulizi naye anatangaza kuwa anaogopa, utazamiaji unaahirishwa. Ndipo inapokuja ndoto, na baada ya ndoto kitabu cha ndoto cha Martyn Zadeka.

Kitabu hicho kinastahili kusimamiwa kidogo. Tatyana anakifungua na kutafuta maneno kwa mpangilio wa alfabeti: msitu, tufani, dubu na mengineyo. Msomaji wa pwani yetu anayekijua kitabu cha tafsiri za ndoto kinachonasibishwa na Ibn Sirin hatauona mgeni msichana huyu anayetafuta maana neno kwa neno. Lakini Pushkin anatupa pia bei. Mchuuzi aliyepita alikiuza pamoja na juzuu pungufu za riwaya ya Malvina kwa rubli 3 na nusu, na juu ya fedha hizo akachukua vitabu vingine, kikiwamo cha sarufi na juzuu ya tatu ya Marmontel. Kutoa sarufi ili kupata kitabu cha ndoto! Mwalimu yeyote wa lugha atacheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Na kwa gharama yote hiyo, Zadeka hamwondolei shaka. Ishara iliyopatiwa kamusi haisomeki kuliko ile isiyo na kamusi.

Pushkin alikuwa na mtangulizi, naye hamfichi: maneno ya kufungulia sura hii yametolewa katika Svetlana, balladi ya Vasily Zhukovsky iliyochapishwa mwaka 1813. Humo pia wasichana wanayeyusha nta, lakini imetajwa tu katika orodha ya michezo ya usiku huo, kisha shairi linahamia kwenye kioo na ndoto ya bwana harusi mfu. Svetlana anapoamka, mchumba anarejea mzima, na hofu yote inageuka upepo. Pushkin amechukua vifaa vilevile na kuvunja ahadi hiyo. Ndoto ya Tatyana haifutwi na asubuhi: Lensky aliyechomwa kisu ndotoni anauawa na Onegin kwa bastola katika sura ya sita. Kutokana na hilo wapo wasomaji waliokata shauri kwamba kila ishara katika sura hii ni lazima itimie, na kwamba hata nta ilikuwa na habari ambayo mhakiki mwerevu anaweza kuifukua. Hapo ndipo nisipokubaliana nao.

Sikubaliani vilevile na Vissarion Belinsky, ambaye katika makala yake ya tisa juu ya Pushkin (1845) alimwona Tatyana kama mchanganyiko wa ushirikina wa kishamba na mapenzi ya vitabu vya Kifaransa. Kwa mtazamo huo, nta na Zadeka ni vipimo vya elimu ya msichana tu. Lakini tuusome ubeti wa nne wa sura hiihii. Vijakazi wa nyumba ya akina Larin huwatazamia mabinti wa bwana wao, na kila mwaka huwaahidi kitu kilekile: waume wanajeshi na safari ya vita. Ni fumbo la mzaha, la mazoea, linalorudiwa kwa kila binti. Sasa tuangalie mwisho. Olga, Lensky akiwa kaburini, anaolewa na askari wa farasi na kumfuata kikosini katika sura ya saba. Tatyana katika sura ya nane ni mke wa jenerali mwenye majeraha ya vita. Utabiri wa vijakazi umetimia kwa mabinti wote wawili, na hakuna mhusika anayeukumbuka; msimulizi naye hageuki kuuonyesha. Belinsky, aliyewatetea wanyonge kwa dhati, hakuwasikiliza hawa.

Mtu anaweza kuuliza iwapo kimya cha nta hakikutokana na ufinyu wa nafasi tu. Leo Tolstoy, katika Vita na Amani (1865 hadi 1869), anatusaidia kujibu. Humo Sonya anatazama kioo wakati wa Krismasi, haoni chochote, na kwa kutotaka kuwavunja moyo wenzake anasema amemwona Andrei amelala. Miaka miwili baadaye, Andrei akiwa mahututi, Sonya anakumbuka hata rangi ya mfarishi aliofunikwa, na anaamini kweli kwamba aliuona. Natasha naye anauthibitisha. Tolstoy ametuonyesha jinsi ishara tupu inavyojazwa, hatua kwa hatua, na watu wasio na nia mbaya. Pushkin aliiacha tupu. Mhakiki anayetuambia leo kwamba Tatyana aliona taji ndani ya maji, au jeneza, ameketi mahali pa Sonya.

Kwa atakayeifasiri sura hii kwa Kiswahili, ugumu utakuwa katika neno moja. "Habari" itaifanya nta kuwa mjumbe. "Siri" itatuahidi ufunuo ambao haupo. Mimi ningeandika "jambo fulani la ajabu", kisha ningeweka nukta na kuendelea na pete.